Programu ya ERP Katika Kiwanda cha Mitambo: Yaliyotupata Tanga Tulipoanzia Uhasibuni Badala ya Stoo

Kiwanda ninachofanyia kazi kipo Tanga, upande wa barabara ya kuelekea Pongwe, na kazi yake ni kutengeneza mitambo kwa oda: konveya (mashine za kusafirishia mzigo) za mkanda na za parafujo, elevata za ndoo za kupandishia chokaa na saruji, matangi, matela, pamoja na vipuri vya korona, zile mashine za kusindikia majani ya mkonge. Hatutengenezi kitu kimoja mara elfu. Tunatengeneza vitu vingi mara moja moja, na hata kile kinachofanana na cha mwaka jana huja na urefu tofauti, mota tofauti na mteja mwenye maoni yake. Naeleza hilo mapema kwa sababu karibu kila shida tuliyoipata na programu ya ERP ilitokana nalo, na kwa sababu wenzangu wa viwanda vya kiasi chetu wanaoniuliza habari za programu hizi huanza na bei, ilhali bei ya programu ndiyo sehemu nyepesi ya safari nzima.

Kwa asiyeifahamu, ERP ni programu moja inayounganisha stoo, manunuzi, uzalishaji, mauzo, mishahara na hesabu za fedha, ili taarifa iliyoingizwa mara moja na mtu mmoja ionekane kwa wote wanaoihitaji. Jina hilo lilianza kutumiwa na kampuni ya utafiti ya Gartner mwaka 1990, lakini mizizi yake ni ya zamani zaidi, tena ni ya kiwandani. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa Marekani, Joseph Orlicky akiwa mmoja wao, walianza kutumia kompyuta kukokotoa mahitaji ya vipuri kutokana na mitambo iliyopangwa kutengenezwa, badala ya kungoja rafu ipungue ndipo waagize. Hesabu yenyewe haina uchawi. Konveya moja ikiwa na rola 40 na kila rola beringi 2, zinahitajika beringi 80. Stoo ina 30, oda ya 20 iko njiani, basi zinunuliwe 30, na siku ya kuziagiza inapatikana kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya kumkabidhi mteja. Hata hivyo, hesabu hiyo haisimami bila mambo matatu: orodha ya vipuri iwe kamili, idadi iliyoko stoo iwe ya kweli, na muda wa kungoja mzigo uwe unajulikana. Siku tulipowasha mfumo wetu hatukuwa na hata moja kati ya hayo.

Kabla ya hapo stoo iliendeshwa kwa kadi zilizoning'inizwa kwenye rafu, leja moja kubwa, na kumbukumbu ya mtunza stoo ambaye sote, hata mkurugenzi, tunamwita Mzee. Ukitaka kujua kama ipo flanji ya inchi sita hukuangalia kadi. Ulimwamkia Mzee, ukauliza, naye akajibu bila kuinua macho. Ofisi ya michoro ilikuwa na faili zake, watu wa manunuzi walikuwa na jedwali lao la Excel, na uhasibu walikuwa na programu ya hesabu isiyojua lolote kuhusu chuma. Kazi ilikwenda, wala sitaki kuidharau. Kilichotusukuma kubadilika ni bei. Tulikuwa tunatoa profoma kwa kukadiria, tunapata kazi, tunaimaliza, kisha hakuna aliyeweza kusema kama elevata ile ilituletea faida au ilikula faida ya konveya iliyoitangulia.

Wauzaji wa programu walikuja na maonyesho yanayopendeza macho. Karibu wote walituonyesha jinsi ya kutengeneza meza: ubao wa juu mmoja, miguu minne, skrubu kadhaa, bonyeza hapa, oda ya kazi imetoka, bonyeza pale, ankara ipo tayari. Elevata yetu ya ndoo ina vipuri mamia, nusu yake hukatwa kutoka kwenye bamba la chuma siku hiyo hiyo, na mchoro wake hubadilika wakati mafundi wameshaanza kuchomelea, kwa sababu mteja amegundua kwamba nguzo ya jengo lake haiko mahali ramani inaposema ipo. Hakuna muuzaji aliyeomba kuuona mchoro huo, wala kamati ya ununuzi haikuwapa. Kwa hiyo anayechagua programu asikubali kuonyeshwa meza. Achukue mchoro wa mashine yake moja iliyowahi kumtoa jasho, ampe muuzaji siku kadhaa kabla, kisha amtake aonyeshe mbele ya mafundi nini kinatokea mchoro unapobadilika baada ya nusu ya chuma kukatwa, kipande cha bamba kilichobaki kinaingia wapi, gia iliyopelekwa karakana nyingine kuchongwa meno inafuatiliwaje, na mota aliyoileta mteja mwenyewe inatumikaje bila kuhesabiwa kuwa mali ya kiwanda. Muuzaji akijibu kwamba hayo yatashughulikiwa baadaye, ajue kwamba baadaye hiyo ina ankara yake.

Kuhusu jina la programu sina ugomvi na mtu. Ipo SAP, iliyoanzia Ujerumani mwaka 1972, ambayo viwanda vikubwa vya dunia huitumia. Zipo za kati. Na zipo za leseni huria kama ERPNext, au toleo la Odoo lisilolipiwa leseni, ambazo fundi wa kompyuta mwenye bidii anaweza kuzipakua na kuzijaribu bila kumwomba mtu ruhusa. Leseni huria haina maana ya kazi ya bure, kwani kusafisha takwimu, kufundisha watu na kurekebisha fomu ni jasho lile lile. Wala fedha nyingi si kinga. Mwaka 2018 kampuni ya maduka ya Lidl ya Ujerumani iliuacha mradi wake wa SAP baada ya matumizi yaliyoripotiwa kufikia takriban yuro milioni 500, na sababu mojawapo iliyotajwa ni kwamba wao walizoea kuthamini bidhaa kwa bei ya kununulia huku programu ikiwa imejengwa juu ya bei ya kuuzia. Kila programu ya aina hii imebeba ndani yake dhana fulani kuhusu namna biashara inavyokwenda, na dhana hiyo haionekani kwenye onyesho.

Yetu ilinunuliwa na idara ya uhasibu, ikasimikwa kwa mpangilio wa uhasibu. Sisemi hivyo kwa kinyongo. Wao ndio waliokuwa na bajeti, nao ndio walioulizwa na wakaguzi kila mwaka thamani ya stoo. Miezi ya mwanzo yote ilikwenda kwenye kupanga akaunti, vituo vya gharama, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na namna ankara za mfumo zitakavyooana na risiti za EFD, mashine za kielektroniki za risiti za Mamlaka ya Mapato (TRA). Kazi hiyo ilifanywa vizuri na haikutusumbua baadaye. Lakini rejesta ya vipuri, ambayo ndiyo lugha ambayo stoo, michoro na manunuzi watazungumza kila siku, iliachwa hadi mwisho, ikakabidhiwa kwa vijana wa mafunzo kwa vitendo ambao hawakuwa wameshika beringi maishani mwao, wakaambiwa waiingize kabla ya mwaka kufunga.

Wakaingiza kila kilichoandikwa popote. Beringi ya 6205, yenye tundu la milimita 25, kipenyo cha nje 52 na upana 15, ilipata namba nne tofauti: moja kwa jina la "Beringi 6205", nyingine kwa vipimo vyake, nyingine kwa jina la kiwanda kilichoitengeneza, na nyingine kwa jina la mashine inamofungwa. Kwenye kompyuta moja ilionekana imekwisha na nyingine imejaa. Hatari kubwa zaidi ilikuwa upande wa pili, pale vitu tofauti vilipopewa namba moja. Beringi hiyo ikiandikwa 2RS ina vizuizi vya mpira pande zote mbili. Ikiandikwa ZZ ina vifuniko vya bati visivyoziba kabisa. Ikiongezwa C3 ina nafasi kubwa zaidi ya ndani kwa ajili ya mhimili unaopata joto. Mashine ya mkonge hufanya kazi katikati ya maji na utomvu wenye tindikali, maana nyuzi ni sehemu ndogo tu ya uzito wa jani na karibu yote yaliyobaki ni majimaji na takataka. Ukifunga humo beringi yenye vifuniko vya bati kwa sababu kompyuta imesema 6205 ni 6205, mteja atakupigia simu mapema kuliko ulivyotarajia, na kweli alipiga.

Mahali penye mtego kuliko pote ni vipimo. Bamba la chuma la milimita 6, lenye futi 4 kwa 8, lina uzito wa takriban kilo 140 na eneo lisilofika mita 3 za mraba. Mtu wa manunuzi hulinunua kwa tani, Mzee hulihesabu kwa bamba, mchoraji huliandika kwa mita za mraba, na wote watatu wako sahihi. Programu inaweza kubadilisha kipimo kimoja kuwa kingine bila taabu, ilimradi mtu ameiambia uwiano. Kwetu hakuna aliyeiambia. Mzigo wa bamba 10 ulipofika, karani alinakili tarakimu za hati ya muuzaji, ambayo ilikuwa kwa kilo, na mfumo ukaamini tuna bamba 1,400. Kwa muda mrefu haukupendekeza tununue bamba la unene huo, na hakuna aliyeshangaa kwa kuwa hakuna aliyeangalia, hadi asubuhi moja mkataji aliposimama mbele ya rafu tupu huku oda ya kazi ikimwonyesha rangi ya kijani. Upande wa bolti ikawa kinyume chake. Orodha ya konveya ilidai bolti 64, rejesta ilikuwa imezisajili kwa boksi la 100, na hesabu ya mahitaji ikaandaa oda ya boksi 64, sawa na bolti 6,400. Tuliokolewa na msichana wa manunuzi aliyeuliza tu, "Jamani, tunajenga daraja?"

Tarehe ya kuwasha mfumo ilichaguliwa kuwa mosi Januari, kwa kuwa mwaka wa hesabu unaanza siku hiyo. Kwa mhasibu hilo lina mantiki yake. Kwa kiwanda chenye mashine zilizojengwa nusu uwanjani lilikuwa balaa, kwani kila kazi ambayo haijakamilika ilibidi iingizwe na gharama ilizokwisha kula, chuma kilichokwisha kukatwa na saa zilizokwisha kutumika, ambazo hazikuandikwa popote. Takwimu zikabuniwa ili mizania ikubali kulingana, na kwa miezi iliyofuata kila ripoti ya faida ilibeba ubunifu huo tumboni. Njia iliyo salama zaidi, ambayo baadaye tuliitumia tulipofungua karakana ya pili ndani ya mfumo, ni kuacha kazi za zamani ziishie kwenye karatasi zake na kuingiza kazi mpya tu, hata kama ni lazima kuendesha njia mbili kwa muda. Ni uchovu, lakini kila takwimu unayoiona ina baba na mama.

Watu waliumia, nami nasema hivyo kwa sababu maandishi mengi kuhusu programu hizi huwataja watu kama kipengele kimoja cha mafunzo. Mzee alinyamaza. Zamani mtu akikosa kitu alimwendea. Sasa alikuwa anaitiwa kompyuta na kijana aliyemwambia kwamba anachokisema si kweli, mfumo unaonyesha vingine. Siku moja nilimkuta ameketi nje ya stoo, nikamwamkia, akaitika, kisha akaniambia, "Binti yangu, mimi sikatai kompyuta. Nakataa kuambiwa kitu kipo na mimi naona hakipo." Hadi leo sijasikia maelezo bora ya tatizo letu kuliko hayo, na mshauri aliyelipwa kwa dola hakuwahi kuyasema. Mafundi nao walipotakiwa kubonyeza saa ya kuanza na kumaliza kila kazi walijua wanachunguzwa. Mmoja wa wakereza aliuliza mbele ya kila mtu kama mfumo utaandika pia dakika anazokwenda msikitini. Watu wakacheka, lakini wiki hiyo karibu kila kazi ilirekodiwa kuwa imechukua muda wa saa nane kamili, bila kupungua wala kuzidi, na takwimu za namna hiyo hazimfai mtu.

Washauri walikuwa wamekwisha kufunga mizigo. Tanga ina msemo wake, waja leo waondoka leo, na kwa washauri wa programu ulitimia neno kwa neno: mkataba uliwalipa kwa kuwasha mfumo, nao waliuwasha. Laiti sehemu ya mwisho ya malipo ingefungwa kwenye jambo la kiwandani, kwa mfano kwamba ghala likihesabiwa kwa mikono miezi mitatu baadaye lioane na mfumo kwa kiwango kilichokubaliwa, wangekaa nasi katika msimu mgumu. Kuna pia jambo la kodi ambalo wengi hulipuuza hadi lifike mezani. Malipo ya huduma kwa mshauri asiye mkazi wa Tanzania hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15. Mkataba ukisema mshauri apokee kiasi kamili mkononi, basi kodi hiyo inabebwa na kiwanda, na kwa kila 100 anayoipokea yeye, gharama yako inakuwa takriban 117.65. Sentensi hiyo moja ya mkataba ilitugharimu zaidi ya mafunzo yote tuliyowapa wafanyakazi. Kwa jumla washauri walitugharimu kuliko leseni, na saa za watu wetu wenyewe, ambazo hazikuwamo kwenye bajeti yoyote, ninaamini zilizidi vyote viwili.

Mabadiliko yalikuja mkurugenzi alipoihamisha kazi kutoka uhasibuni na kuikabidhi kwa kikundi cha watu watatu: mchoraji mmoja, mtu wa manunuzi mmoja, na Mzee. Mimi, ninayeshughulikia mipango ya uzalishaji, niliwekwa kuwa karani wao. Tulisimamisha hesabu ya mahitaji kabisa, mfumo ukabaki unapokea na kutoa mali tu, na tukaanza rejesta upya rafu kwa rafu, kitu mkononi. Kanuni ya majina iliwekwa na Mzee: jina la kitu kwanza, kisha kipimo, kisha daraja au aina, na jina la kiwanda kilichokitengeneza lisiingie kwenye namba ila pale ambapo hakuna mbadala. Ruhusa ya kufungua namba mpya ilibaki kwa mtu mmoja tu. Watu walilalamika kwamba inachelewesha, na ni kweli inachelewesha, ndiyo maana hatukuiondoa.

Kisha tukaja kwenye orodha za vipuri, na hapo ndipo ilipo kazi halisi ya kiwanda cha mitambo ya oda. Programu hutaka orodha iliyokamilika kabla ya oda ya kazi kutoka, lakini ukingoja mchoro ukamilike ndipo uagize mota, umeshachelewa, maana mota na giaboksi hutoka nje na husafiri kwa meli. Tuliikata orodha ya kila mashine katika hatua. Ya kwanza ni vitu vinavyongojewa muda mrefu, yaani mota, giaboksi, mkanda, ndoo na beringi kubwa, ambavyo huagizwa mara tu mteja anapoweka sahihi kwenye mchoro wa jumla. Ya pili ni bamba na vyuma vya umbo, baada ya mchoro wa kina. Ya tatu ni bolti, rangi na vitu vya kufungia. Kila hatua ina orodha yake chini ya mashine moja, na kila mchoro una herufi ya toleo. Bamba likishaguswa na moto wa kukatia, mchoro haubadilishwi tena kwa simu. Kuna karatasi moja ya mabadiliko yenye sahihi ya mchoraji na ya msimamizi wa karakana, na nakala yake ndiyo inayomruhusu Mzee kutoa kitu kisichokuwemo kwenye orodha. Tangu hapo tumejua pia kiasi cha fedha ambacho mabadiliko ya mteja yanatugharimu, na sasa tunamwandikia ankara yake.

Kuna mtindo ambao wauzaji huusifu sana, wa mfumo wenyewe kupunguza malighafi kwenye hesabu ya stoo kwa kufuata orodha pindi mashine inaporipotiwa kukamilika. Kwa bolti, nati na vijiti vya kuchomelea unafaa, kwani kuviandika kimoja kimoja ni kupoteza muda. Kwa bamba haufai hata kidogo. Mchoro unasema mita za mraba 2.4, fundi anachukua bamba zima, na kinachobaki ama kinarudi ama kinaegemezwa ukutani hadi chumvi ya bahari ikile. Sasa bamba hutolewa kwa hati, zima zima, na kipande kinachobaki kikiwa na upande usiopungua milimita 300 hurudishwa stoo kwa kadi yake na alama ya rangi ya unene. Kilicho chini ya hapo huenda kwenye chuma chakavu na kuhesabiwa gharama ya kazi ile. Tuliongeza pia hali ya kitu kwenye rejesta, kwa sababu kwa hewa ya Tanga bamba lililolala nje masika yote lipo kwenye mfumo lakini halimfai mtengeneza tangi.

Kwa mafundi tulipunguza vituo vya kurekodi saa hadi vitano: kukata, kukereza, kuchomelea, kuunganisha na kupaka rangi. Saa huandikwa kwenye kadi ya kazi inayosafiri na mashine, wala si kwa jina la mtu, na msimamizi huiingiza jioni. Mhasibu alitaka maelezo zaidi, akakataliwa. Takwimu tano za kweli zilitufundisha jambo ambalo takwimu nyingi za uongo zilikuwa zimelificha: kwenye elevata, kazi iliyokuwa ikitula ilikuwa kuunganisha, wala haikuwa kuchomelea kama tulivyodhani miaka yote, kwani matundu ya flanji yaliyotobolewa kwa mkono hayakuwa yakikutana. Tukatengeneza vielekezi vya kutobolea, na muda ukapungua.

Ghala hatulihesabu tena mara moja kwa mwaka. Vitu vichache vya bei kubwa huhesabiwa kila mwezi, vya kati kila robo mwaka, na bolti mara mbili kwa mwaka, kwa zamu, bila kufunga kiwanda. Anayehesabu haonyeshwi kwanza idadi iliyoko kwenye mfumo. Hilo ni dogo lakini lina uzito, kwa kuwa mtu akishaiona 37 ataipata 37.

Mfumo wetu uko kwenye seva za mbali, tunaufikia kwa intaneti. Uamuzi huo ulitupunguzia gharama ya seva na chumba chenye kipoozi, nami bado nauunga mkono, ila tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilipokatika na intaneti kudorora Tanzania na kwa majirani, stoo ingesimama kama tusingekuwa na vitabu vya karatasi vyenye namba mfululizo: kitabu cha kupokea, cha kutoa na cha kurudisha. Vitabu hivyo vipo hadi leo, kila kimoja na karatasi ya kaboni, na sheria yake ni kwamba kilichoandikwa humo kiingizwe kwenye kompyuta kabla ya kitu kinachofuata cha aina ile ile kutolewa. Umeme ukikatika ni vivyo hivyo. Anayejenga mfumo huu mkoani asikubali kuambiwa kwamba karatasi ni ushamba. Ahakikishe pia kwamba mkataba unampa haki ya kupakua takwimu zake zote wakati wowote, kwa namna inayofunguka kwenye programu nyingine, na awe anazipakua kweli kila wiki badala ya kufarijika kwamba haki hiyo ipo.

Marekebisho ya programu yenyewe tuliyapunguza hadi mawili, kwani kila kipande kilichoandikwa kwa ajili yetu peke yetu hudai kuandikwa tena toleo jipya linapotoka. Mengi tuliyoyataka mwanzoni yalikuwa mazoea ya karatasi za zamani, na yalipokataliwa hakuna aliyeyakumbuka. Mawili yaliyobaki ni ile karatasi ya mabadiliko ya mchoro na kibao cha mashine.

Kibao hicho ndicho kilichowashawishi hata waliokuwa wakibeza. Kila mashine inayotoka sasa ina namba iliyogongwa kwenye bati, na namba hiyo inafungua orodha ya vipuri kama vilivyofungwa kweli, pamoja na mabadiliko ya dakika za mwisho, wala si kama mchoro wa kwanza ulivyokusudia. Msimamizi wa shamba la mkonge upande wa Korogwe akipiga simu na kusoma namba, Mzee anamwambia aina ya beringi, urefu wa mkanda na kama tunavyo, kisha anakwenda kuvitazama kwa macho yake kabla ya kutoa bei. Kinachotusumbua bado ni matengenezo ya shambani. Fundi wetu akienda huko akabadilisha puli au akafunga beringi ya aina nyingine kwa sababu ndiyo iliyopatikana, orodha ya mfumo inabaki na ya zamani, na simu inayofuata inajibiwa kwa uhakika usio wa kweli. Tumeanza kuwapa mafundi wa safari kitabu chao cha nne, na posho ya safari hailipwi hadi kirudi kimeandikwa. Vinavyorudi vimejazwa ni vingi kuliko zamani, ingawa mwandiko wa wengine ni Mzee peke yake anayeweza kuusoma.